Je, Yote Yameandikwa? Somo Juu ya Hiari ya Mtu na Maongozi ya Mungu



Katika matanga yetu hatukosi kusikia maneno haya: “Kazi ya Mungu haina makosa.” Husemwa kwa kumfariji mjane, husemwa kwa kuwatuliza yatima, na ayasemaye huyasema kwa moyo mwema. Yana ukweli mkubwa ndani yake, wala hatuna nia ya kuyafuta katika vinywa vya Wakristo. Lakini maneno hayo yamepata ndugu wengi wasiofanana nayo kwa wema. Dereva aliyelewa hupindua gari lenye abiria, na watu husema, “Ajali haina kinga.” Kijana huuza shamba aliloachiwa na babaye, fedha zote zikapotea katika michezo ya kubahatisha, naye husema, “Ndivyo nilivyoandikiwa.” Mama mjamzito hucheleweshwa nyumbani siku mbili katika uchungu mpaka akafariki, na wale waliomchelewesha husema, “Siku zake zilikuwa zimefika.”

Tukiyaweka maneno hayo pamoja twaona yana maana moja: kwamba hakuna mtu aliyetenda lolote. Pombe haikunywewa na mtu, fedha hazikuchezwa na mtu, mgonjwa hakuzuiliwa na mtu. Yote yametendwa na Mungu, au na nyota, au na bahati.

Basi leo twauliza: Je, yote yameandikwa? Je, mtu ana hiari ya kweli, au adhani tu kuwa anayo? Mtu asidhani kwamba hili ni swali la wasomi peke yao. Likijibiwa vibaya, hakuna tena dhambi wala toba, hakuna hukumu ya haki, wala hakuna upendo, kwa kuwa hakuna apendaye kwa kulazimishwa. Kwa hiyo yafaa kila baba na mama wa nyumba aweze kulijibu, maana watoto wataliuliza.

LUGHA YETU YASHUHUDIA HIARI

Tuanze karibu, katika methali zetu wenyewe. Iko methali isemayo, “Jitihada haiondoi kudura.” Mtu apendaye kukaa bure huishika sana methali hiyo. Lakini wazee hao hao walituachia nyingine: “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.” Methali hii ingekuwa upuuzi mtupu kama guu lingekuwa limeandikiwa kuvunjika tangu mwanzo. Onyo hupewa yule awezaye kulifuata au kulidharau. Hatujamwona mzee akilionya jiwe lisiporomoke mlimani.

Tena walisema, “Majuto ni mjukuu.” Tulitazame vema neno hili, majuto. Mvua ikikosa kunyesha, mkulima husikitika. Lakini hajuti, maana hakuwa na mamlaka juu ya mawingu. Asipopalilia shamba lake kwa uvivu, na mahindi yakasongwa na magugu, hapo hujuta. Kusikitika ni kwa lile lililotupata. Kujuta ni kwa lile tulilolitenda tukiwa na uwezo wa kutolitenda. Lugha yetu isingekuwa na maneno mawili kwa mambo hayo kama wazee wetu wasingalijua tofauti yake.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, alitoa hoja ya namna hii hii. Alifundisha kwamba kama mtu hana hiari, basi mashauri, maonyo, amri, makatazo, thawabu na adhabu ni bure vyote. Nazo sheria za nchi zakubaliana naye. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haimhesabii mtu hatia kwa tendo lililotukia pasipo hiari yake. Maana yake ni kwamba amhukumupo mtu kwa kosa, hakimu amekwisha kukiri ya kuwa mtu huyo alikuwa na hiari. Yule asemaye kwamba hakuna hiari, mwizi akimwibia ng'ombe, hasemi kwamba mwizi aliandikiwa kuiba. Humpeleka polisi.

ULIMWENGU SI NDOTO

Kabla ya kuendelea yatupasa kuondoa shaka moja. Wako watu, hasa vijana wapendao kusoma na kutazama filamu, wasemao kwamba huenda ulimwengu huu wote si wa kweli. Shaka hiyo si mpya. Mwaka 1641 Mfaransa René Descartes alitoa kitabu ambamo aliuliza atajuaje kwamba haoti ndoto. Yeye hakubaki katika shaka. Aliitumia kama ngazi ya kutafutia ukweli usiotikisika. Mwaka 2003 mwanafalsafa Nick Bostrom, wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliandika hoja juu ya uwezekano kwamba sisi twaishi katika ulimwengu ulioigizwa ndani ya kompyuta za viumbe wenye maarifa kutupita. Naye pia hakudai kwamba amethibitisha jambo hilo. Alilitaja kuwa moja katika mambo matatu ambayo, kwa hoja yake, moja wapo lazima liwe kweli.

Jibu letu ni fupi. Kwanza, hata kompyuta hiyo ingekuwako, ingepaswa iwe kitu cha kweli mahali fulani, na aliyeiunda awe wa kweli, na yeye naye awe na asili. Hoja hiyo haiondoi ukweli, yausogeza mbali tu. Pili, mtu asemaye kwamba yote ni ndoto huona njaa kama sisi, na hukwepa gari barabarani kama sisi. Tatu, na hili ndilo zito: kama jirani yangu ni ndoto, njaa yake nayo ni ndoto, na kilio chake si kitu. Fundisho limwondoleaalo mtu jirani yake haliwezi kuwa hekima. Imani yetu yafundisha kwamba Mungu aliumba vitu vya kweli akaviona kuwa vyema, na kwamba Neno wake alitwaa mwili wa kweli katika tumbo la Bikira Maria. Msalaba haukuwa mchezo wa kivuli.

Basi, kama vitu ni vya kweli, nguvu zake nazo ni za kweli. Moto waunguza, dawa yaponya, mbegu yaota. Mungu ni Sababu ya Kwanza ya yote. Lakini Mtakatifu Thoma afundisha kwamba kwa wema wake Mungu amevipa viumbe heshima ya kuwa sababu pia. Hakutaka kutenda yote peke yake, kama baba asiyemwachia mwanawe hata jembe ashike.

Chukua mfano wa malaria. Jina lenyewe latoka katika maneno ya Kiitalia yenye maana ya hewa mbaya, maana zamani watu walidhani ugonjwa huo waletwa na hewa ya mabwawa. Mwaka 1897, huko India, daktari Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Tangu watu wajue kazi ya mbu katika ugonjwa huo, wamepata njia ya kujikinga: chandarua, kuondoa maji yaliyotuama, kumpeleka mtoto zahanati mapema. Je, mama atungikaye chandarua apigana na mapenzi ya Mungu? Hasha! Atumia akili aliyopewa na Mungu juu ya vitu alivyoviumba Mungu. Na yule aachaye chandarua kabatini, kisha akasema kwamba homa ya mtoto imeandikwa, amemsingizia Mungu kazi ya mbu na uvivu wake mwenyewe.

KUJUA SI KULAZIMISHA

Sasa twafika kwenye fundo lenyewe. Mtu atauliza: “Mungu ajua yote, hata nitakayotenda kesho. Ajualo Mungu haliwezi kukosa kuwa. Basi kesho yangu imekwisha kufungwa. Nina hiari gani?”

Swali hili lilimsumbua Mrumi mmoja mwenye cheo kikubwa, aitwaye Boethius. Mfalme Theodoric alimtia kifungoni, akauawa yapata mwaka 524. Alipokuwa akingoja kifo aliandika kitabu juu ya faraja ipatikanayo katika falsafa, na katika sehemu yake ya mwisho alilijibu swali hili. Alisema kwamba sisi twakosea kwa kudhani Mungu yu ndani ya wakati kama sisi, akitazama mbele kuyaona yajayo. Mungu hana jana wala kesho. Yeye yu katika umilele, na yote yaliyopita, yaliyopo na yatakayokuja yako mbele yake kama jambo la sasa. Nasi twajua kwamba kumwona mtu akitembea si kumtembeza.

Mtakatifu Thoma alitumia mfano wa mtu akaaye mahali pa juu na kuiona njia yote kwa mara moja, hali wale wapitao njiani hawawaoni wale wawafuatao nyuma. Tuutie mfano huo katika nchi yetu. Mtu asimame juu katika milima ya Usambara, akitazama barabara ipandayo kwa kona nyingi kutoka Mombo kwenda Lushoto. Aliona gari lipandalo na gari lishukalo, wakati madereva wenyewe hawajaonana bado. Ajua kwamba punde watakutana. Je, yeye ndiye ashikaye usukani? Kila dereva aendesha gari lake mwenyewe. Mfano huu una upungufu, kama mifano yote juu ya Mungu, kwa maana Mungu si mtazamaji tu. Ndiye awapaye madereva uhai na nguvu kila dakika. Lakini watosha kutuonyesha kwamba kujua ni jambo moja na kulazimisha ni jambo jingine.

Injili yatupa mfano ulio bora zaidi. Usiku ule wa mateso, Bwana wetu alimwambia Petro waziwazi kwamba atamkana mara tatu kabla jogoo hajawika. Jambo lilitabiriwa, na hesabu yake ikatajwa. Usiku huo huo likatimia. Kama kungekuwa na mtu mwenye haki ya kusema “niliandikiwa,” angekuwa Petro! Angeweza kusema, “Bwana mwenyewe alisema nitamkana, ningefanyaje?” Lakini Petro hakusema hivyo. Bwana aligeuka akamtazama, naye Petro akatoka nje akalia kwa uchungu. Alijua moyoni mwake kwamba woga ule ulikuwa wake, na maneno yale ya kukana yalitoka kinywani mwake. Na kwa sababu alikiri kosa kuwa lake, aliweza kusamehewa. Baadaye, kando ya bahari ya Tiberia, Bwana alimwuliza mara tatu kama ampenda. Aliyekana kwa hiari mara tatu alipewa nafasi ya kupenda kwa hiari mara tatu.

MUNGU ATAKA, NA MUNGU ARUHUSU

Tena watu husema, “Hakuna litokealo pasipo mapenzi ya Mungu.” Hapa yatubidi tupambanue. Liko lile ambalo Mungu alitaka, nalo ni wema daima. Na liko lile ambalo Mungu aliruhusu, kwa kuwa ameiheshimu hiari aliyotupa, naye ana uwezo wa kutoa wema hata katika ubaya wetu. Mungu hakutaka Kaini amwue nduguye, alimwonya kabla. Lakini hakuukata mkono wa Kaini.

Tufikiri juu ya Sala ya Bwana, tuisaliyo kila siku pamoja na watoto wetu. Humo twaomba mapenzi ya Mungu yatimizwe hapa duniani kama yatimizwavyo mbinguni. Kama kila litokealo duniani lingekuwa tayari ni mapenzi yake, ombi hilo lingekuwa la bure. Kristo mwenyewe ametufundisha kuliomba, maana yako mambo mengi duniani yaliyo kinyume cha mapenzi ya Baba: wizi, uonevu, uongo, mtoto kupigwa na mlevi. Vivyo hivyo katika Misa, tunapoungama mwanzoni na kujipiga kifua, hatusemi kwamba jambo baya limetokea. Twakiri kwamba tumekosa sisi wenyewe.

Kwa hiyo tunaposema matangani kwamba kazi ya Mungu haina makosa, tuseme kwa maana iliyo sawa: kwamba Mungu hakumtupa marehemu wetu, na kwamba uhai na mauti vi mikononi mwake. Tusiseme kwa kufunika kosa la mtu. Mjane ambaye mumewe ameuawa na dereva mlevi ana haki ya kufarijiwa, na ana haki pia ya kuona sheria ikifuatwa. Faraja isiifukuze haki mlangoni.

Tukiulizwa jinsi neema ya Mungu iwezavyo kutenda ndani yetu pasipo kuivunja hiari yetu, hapo twafika penye kina kirefu. Mwaka 1547 Mtaguso wa Trento ulifundisha kwamba hiari ya mtu haikupotea kwa dhambi ya Adamu, ingawa ilidhoofika, na kwamba mtu aguswapo na neema aweza kuikubali au kuikataa. Baadaye Wadominiko na Wajesuiti walibishana vikali juu ya namna jambo hilo liwavyo, hasa baada ya padre Luis de Molina, Mjesuiti, kutoa kitabu chake mwaka 1588. Shauri lilisikilizwa Roma tangu mwaka 1598 mpaka 1607. Mwisho wake Papa Paulo wa Tano aliwaacha wote na mafundisho yao, akawakataza wasilaumiane kuwa wazushi. Tuone hekima ya Kanisa: lashika kwa nguvu ncha mbili za kamba, kwamba Mungu aongoza yote, na kwamba mtu ana hiari; fundo la katikati halikulazimisha lifunguliwe.

Na ncha hizo mbili zilikutana Nazareti. Mungu alikuwa amekusudia wokovu wetu tangu milele. Hata hivyo alimtuma Malaika Gabrieli akangoje jibu la msichana. Mtakatifu Bernardo, aliyefariki mwaka 1153, alihubiri kwa uzuri jinsi ulimwengu wote ulivyokuwa kama unangoja neno lake Maria. Mungu aliyeumba mbingu na nchi pasipo kuomba shauri, hakuingia katika nyumba ya watu pasipo kubisha hodi.

NYOTA HAZITUTAWALI

Wako Wakristo wakaao mbali na hoja hizi za juu, lakini wamefungwa na jambo jingine: nyota. Husikika wakisema, “Nyota yangu imefifia,” au “Nyota ya mwanangu imeibwa.” Kisha hupeleka fedha kwa mganga ili nyota isafishwe. Karo ya shule yageuka kuwa malipo ya mganga.

Mtakatifu Augustino alipita njia hiyo kabla yetu. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Ni Mwafrika wa kaskazini. Katika ujana wake alipendezwa na vitabu vya wanajimu. Kwa muda wa miaka kama tisa alifuata pia dini ya Wamani, waliofundisha kwamba ubaya watoka katika asili nyingine. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba fundisho hilo lilimpendeza kwa sababu lilimwacha bila lawama: alipotenda dhambi, si yeye aliyetenda.

Kilichomfungua kutoka unajimu ni habari aliyopewa na rafiki yake Firminus. Baba wa Firminus na rafiki wa baba huyo walikuwa wakichunguza sana saa za kuzaliwa. Ikatukia kwamba Firminus alizaliwa katika saa ile ile ambayo mtumwa mwanamke katika nyumba ya rafiki yule alizaa mtoto. Wajumbe walitumwa kutoka kila nyumba, wakakutana katikati ya njia. Nyota zilikuwa zile zile. Lakini Firminus alikua mwenye mali na elimu, na yule mwingine akabaki mtumwa. Kama nyota ndizo ziandikazo maisha, ziliandikaje hati mbili kwa wino mmoja? Tena Augustino alifikiri juu ya Esau na Yakobo, mapacha waliofuatana katika kuzaliwa, nao maisha yao hayakufanana.

Wazazi wenye mapacha nyumbani wameona jambo hili kwa macho yao wenyewe, wala hawana haja ya kitabu.

SAYANSI YASEMAJE?

Vijana wetu wa sekondari na vyuo hawasumbuliwi na nyota, lakini huambiwa kwamba sayansi imeiua hiari. Basi nao wasikilize. Mwaka 1814 Mfaransa Pierre-Simon Laplace aliandika kwamba kama ingekuwako akili ijuayo mahali pa kila chembe ya ulimwengu na nguvu zote ziisukumazo, akili hiyo ingeyajua yote yajayo kama yaliyopita. Kwa fikira hiyo ulimwengu ni saa kubwa iliyotiwa ufunguo. Lakini mwaka 1927 Mjerumani Werner Heisenberg alionyesha kwamba katika chembe ndogo kabisa, mahali na mwendo wa chembe haviwezi kujulikana pamoja kwa usahihi wote. Saa ya Laplace ikapata ufa. Hatusemi kwamba ufa huo ndio hiari yetu. Jambo litokealo kwa bahati nasibu si tendo la hiari, kama vile dado irushwayo haichagui namba. Twasema tu kwamba asijivunie sayansi yule asemaye kwamba yote yamefungwa, maana wanasayansi wenyewe hawajapatana.

Tena mwaka 1983 Mmarekani Benjamin Libet alitangaza majaribio yake. Aliwataka watu wakunje kifundo cha mkono wakati wowote wapendao, na waseme ni saa ngapi walipojisikia kutaka. Aliona kwamba ubongo ulianza kujitayarisha kama nusu ya sekunde kabla ya mkono kujongea, na mtu alijisikia kutaka kama sehemu ya tano ya sekunde tu kabla yake. Wengi wakapiga kelele kwamba ubongo wakata shauri kabla ya mtu. Libet mwenyewe hakusema hivyo. Aliona kwamba mtu bado ana nafasi ya kulizuia tendo. Na mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba mwendo ule wa ubongo waweza kuelezwa kwa namna nyingine, wala si lazima uwe shauri lililokwisha kukatwa. Zaidi ya hayo, kukunja kifundo cha mkono pasipo sababu si sawa na kuamua kuoa, au kumsamehe adui, au kurudisha fedha za watu. Maamuzi hayo hayakatwi kwa nusu sekunde. Huchukua usiku mzima wa kugeuka kitandani.

HIARI YAWEZA KUFUNGWA

Hata hivyo tusiwe wakali kupita Kanisa. Kusema kwamba mtu ana hiari si kusema kwamba watu wote wana hiari sawa katika kila tendo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba lawama ya tendo yaweza kupungua, hata kuondoka, kwa ajili ya kutojua, kulazimishwa, hofu, mazoea na sababu nyingine za nafsi au za maisha ya watu. Ndiyo maana dhambi haihesabiwi kuwa ya mauti isipokuwa jambo ni zito, na mtu ajua vema, na amekubali kwa utashi kamili. Mgonjwa wa akili asihukumiwe kama mwenye afya. Msichana aliyelazimishwa asilaumiwe kama aliyetaka.

Lakini mazoea yana mwanzo. Mlevi aliyezama leo hana nguvu ya kuupita mlango wa kilabu. Miaka kumi nyuma alikuwa nayo. Mcheza kamari ambaye leo mkono wake wakimbilia simu pasipo kufikiri, siku ya kwanza alifikiri. Walimu wa maadili husema kwamba mtu aweza kuwa na hatia katika chanzo: dereva aliyelewa hakuwa na akili timamu alipolipindua gari, lakini alikuwa nayo alipoagiza chupa ya kwanza, na ufunguo u mfukoni mwake. Kwa hiyo hiari ni kama njia ya shamba: ipitwayo kila siku hubaki wazi, na iachwayo humezwa na nyasi. Aliyeimeza kwa nyasi asikate tamaa. Neema ya Sakramenti ya Kitubio, msaada wa daktari, na mkono wa jamaa na Jumuiya vyaweza kuifyeka upya. Yuda na Petro walikosa usiku mmoja. Kilichowatenganisha ni kwamba mmoja aliamini kwamba njia imefungwa.

KAZI YA WAZAZI

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba hiari ya kweli ni alama bora ya sura ya Mungu ndani ya mtu. Basi kulea mtoto ni kuilea alama hiyo. “Samaki mkunje angali mbichi.” Twawashauri wazazi mambo matatu.

Kwanza, tusimwambie mtoto kamwe, “Umezaliwa mwizi,” au “Umefanana na mjomba wako mlevi, hutabadilika.” Maneno hayo ni kumwandikia mtoto kile ambacho Mungu hakumwandikia.

Pili, mtoto akivunja chungu, tumfundishe kusema “Nimekivunja,” wala si “Kimevunjika.” Katika tofauti ndogo hiyo ya neno mna mafundisho yote tuliyoyaeleza leo. Na akisema kweli, tusimpige kuliko yule aliyeficha. Nasi wazazi tutangulie: baba aliyepoteza fedha za nyumba aseme mbele ya mkewe kwamba amezipoteza yeye.

Tatu, tuwaache watoto wachague mambo kadiri ya umri wao, na wayapate matunda ya uchaguzi wao. Mtoto asiyewahi kuchagua lolote nyumbani hatajua kuchagua atakapofika mjini.

Mwishowe, wasomaji wapenzi, tunamwamini Mungu mwenye maongozi, wala hatuamini ajali. Yeye hutuongoza kama baba amwongozaye mwana, si kama mchonga vinyago ashikaye mti mkavu. Kesho yetu yajulikana kwake, lakini sisi nasi twaitenda. Tumwombe basi atupe nuru ya kuona lililo jema, na nguvu ya kulitaka.

MASWALI YA KUFIKIRIWA NYUMBANI

1. Kuna tofauti gani kati ya kusikitika na kujuta? Toeni mfano mmoja mmoja katika mambo ya nyumba yenu.

2. Petro alitabiriwa kwamba atamkana Bwana. Kwa nini basi alilia?

3. Ni lipi katika nyumba yetu tuliloliita bahati mbaya, na kumbe laweza kuzuiwa kwa bidii yetu? Tutaanza lini?